Kwenda Kumuaga Beki: Mbeya hadi Kilolo kwa Kosta

Alhamisi, Mbeya

Ameniomba nisiandike jina lake, nami nimekubali. Nitamwita Beki, kama tulivyokuwa tukimwita jukwaani kwenye uwanja wa Sokoine, tunakoishangilia Mbeya City. Anatundika daruga mwisho wa msimu huu akiwa na timu ndogo ya daraja la chini. Goti limegoma. Taarifa haikutoka kwa klabu yoyote, tuliipata kwa mdogo wake anayeuza vipuri vya bodaboda Mwanjelwa: "Kaka amesema basi, amerudi kijijini kulima."

Ukichezea Simba au Yanga, kuna utaratibu wa kuagwa. Nadir Haroub "Cannavaro" alipomaliza, Yanga ilimwandalia mechi Morogoro mwaka 2018, watu wakajaa, akavua kitambaa cha unahodha mbele ya macho ya nchi nzima. Beki wa huku Nyanda za Juu Kusini akimaliza, anabeba begi lake na kupanda basi la alfajiri. Klabu yake ikiulizwa alicheza mechi ngapi, itakuangalia tu.

Basi tukachangishana. Wazo lilikuwa la mzee mmoja wa Tukuyu ambaye hakosi mechi Sokoine, mvua inyeshe isinyeshe. Yeye ameiona Tukuyu Stars ikipanda daraja na kuchukua ubingwa wa nchi msimu uleule, mwaka 1986, na tangu hapo hakuna mchezaji anayemtisha kwa sifa. Lakini kwa Beki alisema, "Huyu twende. Wengine watatuaga wao."

Si wote waliokubali. Mhasibu wetu (ni mhasibu kweli, na jukwaani ndiye anayeshika daftari la michango) alitaka kujua kwa nini tumchangie huyu wakati kikosi cha 2013/14 hakijawahi kupewa hata soda. Hoja yake si ya kupuuza. Msimu ule ndio uliotutambulisha: Mbeya City, timu ya halmashauri iliyoanzishwa 2011, imepanda Ligi Kuu chini ya kocha Juma Mwambusi na kumaliza ya tatu kwa pointi 49, nyuma ya Azam na Yanga. Azam wenyewe walikuja kuuchukulia ubingwa hapa hapa Sokoine, Aprili 2014, walipotufunga 2-1. Wamemaliza msimu bila kufungwa hata mechi moja, na bado siku ile tuliwatoa jasho.

Beki hakuwepo. Alikuja baadaye, wakati mastaa wameshauzwa, mishahara inachelewa, na jukwaa la upande wa mzunguko mtu unaweza kulala bila kumgusa mwenzako. Miaka ile ya kuhesabu pointi mwezi wa tano na kusikiliza matokeo ya viwanja vingine redioni. Mzee wa Tukuyu alimjibu Mhasibu hivi: msimu wa raha kila mtu alikuwepo, hata wasiojua kuotea ni nini.

Mhasibu akawa wa kwanza kuandika jina lake kwenye daftari. Sikumuuliza kilichombadilisha.

Ijumaa, Mbeya hadi Iringa

Tumeondoka Kabwe kukiwa na ukungu. Mwisho wa Mei Mbeya haina huruma, jiji liko juu mita 1,700 hivi na baridi ya asubuhi inaingia hadi ndani ya soksi. Kosta ilikuwa na jezi zetu za zambarau nyingi na moja isiyohusika, ya Tanzania Prisons. Mwenye hiyo jezi ni jirani yangu. Nilimuuliza anafuata nini, akasema Beki alimkwatua mshambuliaji wa Prisons kwenye debi ya Mbeya kwa ustadi hata refa hakupuliza, "na mimi nilikuwa karibu, mpira aliucheza." Shabiki wa Prisons anayekiri hivyo hadharani anastahili siti ya dirishani.

Uyole trafiki ametusimamisha, amekagua, ameuliza tunakwenda wapi. Dereva akamjibu tunakwenda kumuaga mchezaji. "Amefariki?" Hapana afande, amestaafu. Yule askari akatuangalia kwa muda, akacheka, akarudisha leseni. Nchi hii kuagwa ukiwa hai kunahitaji maelezo.

Kutoka Uyole unateremka kuelekea bonde la Usangu na joto linaanza kurudi mwilini. Igurusi tumenunua mchele, gunia zima. Akina mama wa pale hawana utani na mizani. Mmoja alichovya mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akatoa punje za chini na kumwekea Mhasibu kiganjani: "Angalia mwenyewe baba, chini na juu ni mmoja." Mhasibu akatafuna punje mbili mbichi, akafikiri, akalipa.

Baada ya Chimala tulianza kuona alama za kwenda Rujewa, na mazungumzo yakahamia timu ya Ihefu. Huko ndani, Ubaruku, kwenye uwanja wa Highland Estates, Yanga ilifika Novemba 2022 ikiwa imecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa, ikaondoka imefungwa 2-1. Wilaya nzima ya Mbarali haikulala. Sasa nenda leo uitafute Ihefu: imehamia Singida, na tangu 2024 inaitwa Singida Black Stars. Uwanja upo, mashamba ya mpunga yapo, timu haipo.

Niseme kitu hapa, maana kilinikaa kichwani njia nzima. Barabara hii ukiifuata unapita juu ya makaburi ya timu. Makambako, kwenye njia panda, ukikata kulia unakwenda Njombe, ambako Njombe Mji ilionja Ligi Kuu msimu mmoja tu, 2017/18, ikashuka. Ukiendelea mbele zaidi unafika Songea kwa Majimaji, nayo ilishuka msimu huohuo. Iringa tunakokwenda kuna Lipuli. Sisi wenyewe tulishushwa 2023 na Mashujaa ya Kigoma kwenye mechi za mchujo, tukakaa chini hadi tulipopanda tena 2025. Timu za kusini zinapanda kwa kishindo, halafu fedha inakata au mwenye timu anahama, na shabiki anabaki na jezi. Kinachobaki kinapumua ni watu waliocheza. Beki mwenyewe amepita kwenye timu kadhaa za ukanda huu na nyingine hazipo tena hata kwenye msimamo wa ligi.

Makambako tumekula wali na maharage kwenye kibanda kilicho mkabala na malori ya Zambia yaliyopanga foleni, na hapo ndipo ubishi mkubwa wa safari ulipozuka. Ni ubishi wa mpira mmoja.

Ilikuwa mechi ya kukwepa kushuka. Wageni siwataji. Dakika za lala salama, tuko mbele kwa bao moja, inapigwa kona upande wa milima. Kipa anatoka, anakosa. Kichwa kinapigwa, mpira unakwenda wavuni, na Beki anatokea sijui wapi, anateleza na kuutoa kwenye mstari. Refa anapeta. Tukabaki Ligi Kuu.

Hadi hapo tunakubaliana. Baada ya hapo kila mtu ana mechi yake. Mzee wa Tukuyu anasema aliutoa kwa kisigino. Mhasibu anasema kwa goti, na ndiyo maana goti likaharibika. Jirani yangu wa Prisons, ambaye anakiri alikuwa akiwashangilia wageni, anasema mpira ulikuwa umeshavuka mstari zamani, na aliona nyasi kati ya mpira na mstari. Hapo zogo likapanda. Mama muuza chakula akaja kuuliza kama kuna aliyezidishiwa bili.

Video haipo. Azam TV ilikuwa inaonyesha ligi miaka hiyo, lakini kamera hazikufika kila mechi, na za nyuma ya goli zilikuwa anasa. Kwa hiyo mpira ule upo vichwani mwetu tu, na kila mwaka unasogea kidogo.

Mafinga tumepita bila kusimama, misonobari ya Sao Hill pande zote na malori ya mbao yanapanda kilima kwa gia ya kwanza. Ifunda, Tanangozi. Tumefika Ipogolo jua linazama, tukapanda mlima kuingia mjini. Wenye kutaka kulala wakalala Miyomboni, wengine wakaenda kutafuta nyama choma. Mimi nilikuwa wa nyama.

Jumamosi, Iringa na Kilolo

Asubuhi tumekwenda kuuona uwanja wa Samora, maana huwezi kufika Iringa na jezi ya mpira halafu usiende. Mlinzi alitufungulia tukapiga picha. Tukamkuta mzee wa pale, mpenzi wa Lipuli, ambao wenyewe hujiita Wanapaluhengo, amekuja kufanya mazoezi ya kutembea. Hakuhitaji kuulizwa. Akatuonyesha kwa fimbo goli walilolishambulia Mei 2019 walipoifunga Yanga 2-0 kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Fainali wakaenda kucheza Lindi, wakafungwa na Azam 1-0. Mwaka uliofuata wakashuka daraja.

"Na wachezaji wale wako wapi sasa, mzee?"

"Mmoja ananipitishia mkaa. Wengine nawasikia kwa jina."

Alipojua tunakwenda kwa nani, akavua kofia. Beki alishacheza Samora akiwa upande wa wageni, na huyu mzee anamkumbuka kwa sababu alimtukana winga wao kwa Kihehe safi katikati ya mechi, jukwaa zima likasikia. Ndipo walipojua ni mtoto wa nyumbani.

Tukapitia duka la pembejeo. Hili la zawadi lilikuwa limeshatugawa tangu Mbeya. Wengine walitaka ngao ya kioo yenye nembo na maandishi ya dhahabu. Mdogo wake Beki akampigia shemeji yake, na mke wa Beki akajibu kwa ufupi ambao ningependa viongozi wetu wa mpira wajifunze: ngao ziko kwenye sanduku, panya wanazijua, leteni bomba la kupulizia dawa, la kwake linavuja. Tukanunua bomba la mgongoni la lita 16, mabuti, na mifuko ya mbolea kwa fedha iliyobaki. Muuza duka aliposikia hadithi, akaongeza glovu.

Barabara ya Kilolo inapanda na kuzunguka vilima, huku viazi, huku njegere, huku miti michanga ya parachichi ambayo kila mwenye eka moja sasa anaipanda. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kosta ilikwama mahali pamoja, tukashuka kusukuma, jezi za zambarau zikawa za udongo. Vijana wa pale walikuja kutusaidia kabla hatujaomba, na hawakutaka hela. "Mnakwenda kwa kaka? Uwanja uko pale juu."

Alikuwa amesimama nje ya ua, amevaa koti la suti juu ya traksuti. Nilikuwa nimemwona mara nyingi sana kutoka mbali na sikujua kwamba si mrefu hivyo. Jukwaani alionekana anagusa mwamba wa goli. Mama yake alitupokea mmoja mmoja, mikono miwili, "Kamwene, kamwene," akatuuliza baridi ya Mbeya ikoje, na kabla hatujakaa ulanzi, pombe ya mianzi, ukaja, wa mwisho mwisho wa msimu, mkali.

Mechi ilichezwa uwanja wa shule ya msingi. Sisi dhidi ya maveterani wa kijiji. Uwanja una mteremko, na kona ya chini kuna mti wa mparachichi ambao mwamuzi alitutangazia kwamba ukiguswa na mpira ni kurusha. Nitaupita mchezo wetu haraka kwa heshima ya waliocheza: tulifungwa, na nyingi.

Ila kipindi cha pili Beki alitolewa kwa wenyeji akaja kucheza upande wetu, dakika kumi hivi, goti limefungwa bandeji iliyozungushwa mpaka ikawa nene. Hapo nilikuwa beki wa kulia, hatua chache kutoka kwake, na niliona kitu ambacho jukwaani hukioni. Hakimbii. Anatazama kiuno cha mshambuliaji, mpira hautazami kabisa. Mshambuliaji akigeuza nyonga, yeye ameshahama hatua moja, nusu hatua, na mpira unamfikia mguuni kama aliuita. Muda wote anazungumza: "Panda. Panda. Simama. Mwache aende, ameotea. Wewe mhasibu, rudi, si daftari hilo." Mara moja tu alilazimika kuteleza. Akainuka polepole, akashika goti, akamwashiria mwamuzi kwamba inatosha. Kijiji kizima kikasimama, watoto juu ya mti, akina mama wakapiga vigelegele. Jirani yangu wa Prisons alivua jezi yake akampa. Beki akaitazama nembo, akasema, "Hii nitavaa nikienda shamba, ndege waogope," na Prisons akacheka mpaka machozi.

Zawadi tulitoa baada ya chakula. Mzee wa Tukuyu alizungumza kwa niaba yetu na hakurefusha. Alisema tumekuja kusema asante ya miaka ile tuliyokuwa wachache. Akamalizia kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," na wazee wa Kihehe wakaitikia kana kwamba wanakijua.

Beki alilichukua bomba kabla ya kusema lolote. Akafungua kifuniko, akaingiza kidole kuzungusha ukingoni kutafuta raba, akaikuta, akaibonyeza. Akapampu mara tatu na kusikiliza. Kisha akalitua chini na kuanza kuongea.

"Mimi nilifika Mbeya watu wameshaondoka jukwaani. Wakati wa kupasha misuli nilikuwa nawahesabu. Ngoma yenu ilikuwa na ngozi iliyopasuka upande mmoja, naikumbuka. Na mnapokuwa wachache, sisi uwanjani tunasikia kila neno." Akamtazama Mhasibu. "Mengine hayakuwa mazuri."

Mtu mmoja alipaswa kuuliza, na aliyeuliza alikuwa Prisons. Ule mpira wa kona, kaka. Uliutoa kwa mguu gani?

Beki akacheka peke yake kwanza. "Mguu wa kushoto. Na ulikuwa umevuka. Wote umevuka, mpaka nyuma. Mimi niliupiga kwa hasira tu, nikajua ni goli. Nikageuka kuelekea kati ya uwanja kwenda kuanza upya, ndipo nikaona refa anapeta."

Kimya. Prisons akanyanyua mikono juu kama aliyeshinda kombe.

"Hapana," alisema Mzee wa Tukuyu. "Haukuvuka."

"Mzee, mimi ndiye nilikuwepo pale."

"Ulikuwa umelala chini, mwanangu. Ulionaje?"

Beki akafungua mdomo, akaufunga. Mama yake alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa kanga.

Jumapili, kurudi

Wengine waliwahi ibada Iringa mjini, wengine walilala. Tumeondoka saa nne. Barabara ileile, na wasafiri wengi walikuwa kimya kwa sababu ya ulanzi kuliko huzuni.

Karibu na Nyororo, Mhasibu alifungua daftari na kusoma mapato na matumizi kwa sauti, senti kwa senti, pamoja na soda alizonunuliwa trafiki fulani bila kujua nani amelipa. Kuna salio dogo. Alipendekeza lisirudishwe. Anataka tuanze kukusanya tulichonacho: picha za simu za zamani, tiketi, vikosi vilivyoandikwa nyuma ya ratiba, sauti za wazee kama yule wa Samora. Klabu inaweza kuhamishwa usiku mmoja, alisema, na ofisi yake ikageuka stoo ya saruji. Nilishangaa, maana ndiye aliyekuwa akipinga safari. Nimejitolea kuanza na wachezaji wa nyuma, kwa sababu wafungaji wana rekodi zao tayari, goli linaandikwa. Mpira ambao haukuingia hakuna anayeuandika.

"Uliingia," ikatoka sauti siti ya dirishani.

Chimala tumenunua vitunguu. Tulipokuwa tunapanda kurudi kwenye baridi, Mzee wa Tukuyu aliamka na kusema yule kipa wetu wa miaka ileile, aliyetoka akakosa ile kona, naye yuko kwao Sumbawanga siku hizi, anaumwa mgongo, na hakuna aliyekwenda. Watu wakaanza kuhesabu tarehe. Mhasibu akageuza ukurasa mpya.

Dereva akapunguza mwendo, akatutazama kwenye kioo, akauliza hiyo ya Sumbawanga mafuta analipa nani.